Nani Alikuanzishia?

Nikikutana na mtu mtaani anayeniambia anajua kufuma, huwa namuuliza swali moja tu: nani alikuanzishia? Simuulizi amemaliza sweta ngapi. Simuulizi anajua maua gani. Namuuliza kuhusu ile mishono ya kwanza kabisa, ile inayopandishwa kwenye sindano kabla hujafuma mstari wowote. Nani aliipandisha? Wengi hucheka. "Aa, hiyo aliniwekea mwalimu." "Hiyo nilikuwa nampelekea mama mmoja wa ploti." Wanasema bila wasiwasi, kama vile mtu kukuwashia jiko halafu upike mwenyewe.

Si jambo dogo. Mtu asiyejua kuanza hajui kufuma. Anajua kuendeleza kazi ya mwenzake. Na anayejua kuanza kwa njia moja tu, akaitumia kwa kila kitu, kutoka marvin hadi mkoba, huyo naye bado ana safari. Najua maneno haya yataudhi watu, wakiwemo baadhi ya walionifundisha. Wacha yaudhi. Nimelipia haki ya kuyasema.

Mimi ni mwanaume wa miaka 27, naishi Soweto West, na ninafuma. Cheka umalize, tuendelee. Nasema Soweto West, si Soweto East ile ya maghorofa. Hii yetu ndiyo inayopakana na Kianda na Gatwekera. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai ikifika mabati hayana habari na baridi. Hapo ndipo biashara ya boshori na sweta za watoto hupata uhai. Na ni Julai moja kama hiyo ndiyo nilipata hasara ya kofia 24 kwa mpigo.

Ilianza hivi. Shirika moja lilikuja mtaani na mradi wa kufuma. Jina lake halina maana hapa. Yamekuja mengi na yataendelea kuja. Tulipewa sindano, uzi, viti vya plastiki na mwalimu. Mwalimu alikuwa mpole, lakini alikuwa na haraka. Darasa lilikuwa la watu 20, na alijua kwamba akianza kutufundisha kupandisha mishono, siku nzima itaisha bila mtu kuwa na kitu cha kuonyesha. Kwa hivyo alikuja na sindano zikiwa zimejaa. Alikuwa ameketi kwake usiku akizianzisha moja moja. Kila mmoja wetu akapokea mishono 40, akaonyeshwa pleni, wiki iliyofuata akaonyeshwa pali, na mwezi ulipoisha tulikuwa na skafu. Tukapigwa picha tukiwa tumezivaa. Picha ni nzuri, hata leo. Ukiiona utasema hawa watu wanajua kufuma.

Mradi ukaisha, mwalimu akaenda. Kati ya watu 20 tulibaki 8, tukajiita kikundi, tukashika sindano zetu. Zilikuwa tupu. Tukaangaliana.

Aliyetuokoa ni shosho wa ploti yetu. Yeye alijifunza kufuma akiwa msichana, na alikuwa anaweza kupandisha mishono mia moja huku akikemea watoto mlangoni, bila kuangalia mikono yake. Tukaanza kumpelekea sindano. Asubuhi ungekuta foleni. "Shosho, niwekee mia." "Shosho, yangu 72, ni ya mtoto mdogo." Akaweka. Karibu miaka miwili akaweka. Sisi tukauza, tukalipa rent, tukajisifu. Tulikuwa watu 8 wenye mikono 16, lakini kila kitu tulichouza kilikuwa kimeanzwa na mikono miwili ya mtu mmoja.

Halafu vidole vikamkataa. Baridi yabisi. Ilimshika mwezi wa sita, wakati ule ule tulipopata oda ya boshori 24 za watoto wa chekechea moja huko Kawangware. Tulikaa siku mbili na uzi mezani kama watu waliofiwa. Watu wanane, wenye uzoefu wa miaka miwili, na hakuna aliyeweza kufanya kitu kinachochukua dakika kumi.

Mimi ndiye nilikuwa na simu yenye skrini nzima. Nikanunua bando, nikatafuta video, nikapata moja ya dakika nne. Ilionyesha mwanzo mzuri sana: ukingo mgumu, uliojisokota kama kamba, safi kama umetoka dukani. Nikaujua. Nikaringa, manze. Nikawaanzishia wote, kofia zote 24. Tukafuma, tukapeleka. Siku ya pili mwalimu wa chekechea akapiga simu nikazichukue. Kofia hazikuwa zinapita masikio. Zile zilizosukumwa kwa nguvu zilikuwa zimeacha mstari kwenye vipaji vya nyuso vya watoto. "Kijana," akaniuliza mwalimu, "hizi ni kofia ama ni adhabu?"

Tulikuwa tumekubaliana shilingi 150 kila moja. Hesabu ni 3,600, zikaenda. Lakini kilichoniuma zaidi ya pesa ni nilichogundua nilipokaa chini na zile kofia. Ukikosea katikati ya kazi, unafumua hadi pale ulipokosea, unaendelea. Ukikosea mwanzo, unafumua yote. Kofia iliyoanzwa ukingoni hufumuka kutoka kileleni kushuka; kosa langu lilikuwa chini kabisa, kwenye mstari wa kwanza, na ili kulifikia ilibidi niharibu kila saa ambayo wenzangu walikuwa wameweka. Kuna fundi anayeweza kukata ukingo na kuokota mishono upya kutoka huko chini. Sisi ambao hata kuanza hatukujua, tungeokota nini?

Sasa twende kwenye sababu, maana hiyo ndiyo hatukupewa na mtu yeyote.

Kitambaa cha kufuma huvutika kwa sababu uzi wake haujanyooka. Umejikunja, kitanzi baada ya kitanzi. Ukivuta, vitanzi hubadilisha umbo, urefu unageuka upana, ukiachilia vinarudi. Lakini ule mstari wa kwanza una tabia yake. Unaweza kuvutika tu kwa kiasi cha uzi uliouweka kati ya mshono na mshono. Ukiweka uzi kidogo na kuukaza, umefunga mkanda. Huko juu ufume laini vipi, mkanda uko palepale.

Na mwili wa mtoto hauna huruma kwenye jambo hili. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu kina mzunguko wa karibu sentimita 50. Shingo yake ni kama nusu ya hapo. Maana yake shingo ya sweta yake lazima ikubali kufunguka karibu mara mbili, ipite kichwa, kisha irudi kukaa shingoni bila kulegea. Kila asubuhi, kwa mwaka mzima, mama akimvalisha huku akichelewa kazini. Kama umewahi kusikia mtoto akilia ndani ya sweta, kichwa kikiwa kimekwama na mikono iko juu, hiyo mara nyingi si tabia mbaya ya mtoto. Ni mtu aliyeanza au aliyemaliza shingo vibaya.

Wanaosukwa nywele wanalielewa hili kuliko mtu yeyote. Tuta likianzwa kwa kukazwa sana, kichwa kinauma wiki nzima, hata kama huko nyuma limesukwa laini. Likianzwa kwa kulegea, baada ya siku tatu limetoka. Hakuna msichana Nairobi anayekubali kuambiwa "mwanzo ni mwanzo tu" na msusi. Kwa nini basi tuambiwe hivyo kwa sweta?

Kwa hivyo swali halisi ni hili: kitu hiki ninachoanza, ukingo wake utafanya kazi gani? Ukijibu hilo, njia inajichagua. Nitataja chache, zile ambazo mtu wa mtaani hawezi kukosa.

Kuna ya kitanzi cha kidole. Unazungusha uzi kwenye kidole, unauvisha sindano, unakaza, basi. Mtoto anaijua kwa dakika moja, na ndiyo maana wengi huanza nayo na kukwama nayo. Ina kazi yake: ukitaka kuongeza mishono michache katikati ya kazi, kwapani kwa mfano, au kuziba pengo la kifungo, ni nyepesi na haifurishi kitambaa. Lakini ukiipandisha mia moja kuanza sweta, mstari wa kwanza utakutesa. Kila ukifuma mshono mmoja, uzi kati yake na unaofuata unazidi kurefuka, na mwishoni una mkia wa uzi unaoning'inia usiojua ulitoka wapi. Ukingo unabaki umechoka kabla hata sweta halijavaliwa.

Kuna ya mkia mrefu, na kama unataka kujifunza moja kabla ya nyingine zote, jifunze hii. Unatumia ncha mbili za uzi kwa pamoja, moja kwenye kidole gumba, nyingine kwenye kidole cha shahada. Ukingo wake unashika na bado unavutika. Ni nzuri kwa pindo la sweta, kwa mikono, kwa marvin. Ugumu wake ni kukadiria mkia. Hakuna uchungu kama kufika mshono wa 117 kati ya 120 na uzi umekwisha. Unafumua zote, unaanza upya. Dawa yake: zungusha uzi kwenye sindano mara kumi, pima urefu wa hapo, zidisha kwa idadi ya makumi ya mishono unayotaka, ongeza kidogo. Au tumia madonge mawili, uyafunge fundo mwanzoni, ukimaliza ukate moja. Hesabu ya darasa la nne inatosha.

Hapo watu hukwambia, ukiogopa kukaza, tumia sindano nene zaidi kuanzia. Inasaidia kiasi. Lakini sindano nene inakuza vitanzi vyenyewe. Kinachobana ni uzi ulio kati ya kitanzi na kitanzi. Afadhali uache nafasi ndogo kila ukiongeza mshono, kama upana wa sindano, ukiishika kwa kidole isikimbie.

Kuna ya kufuma mwanzo wenyewe: unaingiza sindano kama unayefuma pleni, unavuta kitanzi, badala ya kukiacha unakirudisha kwenye sindano ya kushoto. Haihitaji mkia wa kukadiria, na mtu anayejua pleni tayari anaijua nusu. Ndugu yake ni ile ya kamba, iliyoniponza mimi, ambapo sindano inaingia katikati ya mishono miwili badala ya ndani ya mmoja. Ile ya kamba si mbaya. Sikiliza vizuri, maana baada ya hasara yangu nilitaka kuilaani. Ni ngumu na haivutiki kirahisi, na hicho ndicho unachokitaka kwenye mdomo wa mkoba, kwenye tundu la kifungo, kwenye mfuko wa sweta la shule unaobeba kalamu, mawe na mandazi. Kosa langu halikuwa kujua ile ya kamba. Kosa lilikuwa kuipa kazi ambayo si yake.

Na kuna mwanzo wa muda. Unaanza na uzi wa kutupa wa rangi nyingine, mara nyingi kwa kroshia, unafuma kazi yako, na baadaye unautoa ule uzi na kupata mishono hai inayoweza kuendelea upande wa pili. Sikuwa naona faida yake hadi nilipomfikiria mtoto anayekua. Sweta lililoanzwa chini kwa ukingo wa kawaida halikubali kurefushwa kirahisi, kwa sababu halifumuki kutoka chini. Lakini ukianza shingoni kushuka, mwaka ujao unafumua pindo la mwisho, unaongeza sentimita tano, mtoto anarudi shuleni. Kwa mzazi wa hapa kwetu, hiyo ni tofauti kati ya kununua sweta moja na kununua mawili. Kuchagua unaanza wapi na kwa njia gani ni uamuzi wa bajeti.

Leslie Ann Bestor ana kitabu cha 2012, Cast On, Bind Off, chenye njia 54 za kuanza na kumaliza. Sidai mtu azijue zote. Nadai tu kwamba kati ya 54 na sifuri, ile tuliyopewa sisi haikupaswa kuwa sifuri.

Najua mtakayosema. Mengi nimeambiwa tayari, mengine usoni.

Mtasema mteja haangalii ukingo. Kweli, haangalii. Anavaa. Mteja wangu wa Kawangware hakuangalia ukingo wa kofia hata moja. Watoto wake ndio walioupima.

Mtasema hakuna muda, watu wanatafuta unga. Haya, tuhesabu. Boshori moja ya mtoto inanichukua karibu saa tano. Mwanzo wake, hata ule wa mkia mrefu, ni dakika kumi, kumi na tano nikikosea. Mtu anayeokoa dakika kumi ili ahatarishe saa tano hana haraka ya unga. Ana mazoea.

Mtasema mitumba imeshatumaliza, kuna haja gani ya kujisumbua na kingo? Hapa nawakubalia nusu. Sweta la Toi linaweza kuuzwa kwa bei ambayo mimi hainilipi hata uzi. Kwa bei siwezi kushindana, na anayewadanganya kwamba mnaweza anataka kuwauzia sindano. Tunachoweza ni kile ambacho gunia la mitumba haliwezi: kichwa hiki hiki, rangi ya shule hii hii, mkono uliorefushwa, tundu lililozibwa. Yaani tunauza kukaa sawa. Kitu kisipokaa sawa, tumebaki na nini cha kuuza?

Mtasema YouTube iko, atakayetaka atajifunza. Nami nilijifunza huko, na mmeona matokeo. Video ilinionyesha namna gani. Haikuniuliza ninaanza nini. Aliyeitengeneza hakuwa na kosa, maana hakujua kuna mtu Soweto West anataka kuivisha kwenye vichwa 24. Lakini ndiyo sababu bando halitoshi. Unahitaji mtu wa kukuuliza, "Hii ni ya nini?"

Na mtasema, hili ndilo zito, kwamba kumwanzishia mtu ni ubinadamu. Mama ametoka kufua nguo za watu, mikono imechoka, ana dakika chache kabla ya watoto kurudi. Unampa sindano tupu umsomeshe nadharia? Shosho mwenyewe aliniambia hivyo. "Mwanangu, mimi nilikuwa nawasaidia." Sikumjibu siku hiyo. Leo namjibu kwa heshima: Shosho, ulitusaidia kila asubuhi kwa miaka miwili, na siku ulipougua hatukuweza hata kukusaidia kubeba kazi. Hilo si kosa lako. Ni kosa letu sisi tuliokuja na sindano kila asubuhi na hatukusema hata siku moja, "Leo nionyeshe polepole."

Lakini kuna ambao siwasamehi haraka hivyo, na hao ni wanaopanga mafunzo. Hili halikuanza juzi. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na vilabu vyake viliwafundisha wanawake kushona, kufuma, kupika na kulea. Mikono mingi ya mashosho wetu ilipita huko au kwa wamisheni, na ilitoka na ustadi wa kweli. Halafu ikaja 8-4-4 mwaka 1985 na kazi zake za mikono. Mama yangu alifuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye saruji. Anakumbuka vizuri: aliyeshindwa kuanza alianzishiwa nyumbani, akaja darasani na mishono ikiwa tayari, akapata alama. Hakuna mwalimu aliyeuliza. Kilichotakiwa kilikuwa kitu cha kuwekwa mezani. Leo tuko CBC, na bado kuna wazazi wanaokesha wakimfanyia mtoto mradi wa shule ili asubuhi apeleke kitu kilichokamilika.

Unaona mstari? Tunapima kilichomalizika. Tunapenda picha ya mwisho. Mradi unaandika ripoti: skafu 20, wanawake 20. Hakuna ripoti inayosema: watu 20, kati yao wanaoweza kuanza peke yao ni sifuri. Ingeandikwa hivyo, mfadhili angeuliza maswali. Kwa hivyo mwalimu anakesha akijaza sindano, mwanafunzi anafurahi, picha inapigwa, na kila mtu anaondoka akiwa na alichotaka isipokuwa yule aliyebaki mtaani na sindano tupu.

Nenda kwa wanaosuka viondo uone tofauti. Kiondo huanza kitako. Kamba za kitako zisipopangwa sawa, hakuna pande za kupandisha, na mkoba wote utaegemea. Huwezi kumwambia mama wa Ukambani kwamba unajua kusuka kiondo ila tu kitako ndicho hukijui. Atakutazama kama mtu anayesema anajua kuogelea ila maji ndiyo yanamsumbua.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyataka, na nayasema wazi ili anayepinga ajue anapinga nini.

Siku ya kwanza ya darasa, sindano ziwe tupu. Mwalimu aje na mikono mitupu na aondoke nayo mitupu. Kama darasa zima litaisha na mtu amepandisha mishono 20 iliyopinda, hiyo ni siku nzuri.

Kabla ya skafu yoyote, kila mtu ajue mianzo mitatu: mmoja unaovutika, mmoja mgumu, mmoja wa kuongeza katikati. Aifume kila mmoja kipande kidogo, aivute kwa vidole viwili, aone kinachotokea. Kisha afumue. Uzi hauharibiki, na kipande kidogo kitamfundisha zaidi ya maneno yangu yote haya.

Ukimwanzishia mtu kwa sababu amechoka kweli, mwanzishie, sisi si mawe. Lakini akirudi mara ya pili, anza mbele yake, kisha fumua mbele yake, kisha mpe.

Na tuyape majina mambo haya kwa lugha tunayoongea. Mtu asiyekuwa na neno la kitu hukiita "ile". "Niwekee ile." Ile gani? Ukishaweza kusema nataka mkia mrefu, nataka kamba, umeshaanza kuchagua. Kama una majina bora kuliko haya, lete. Sitagombana.

Kikundi chetu kimejaribu. Tulizifumua zile kofia 24 zote, tukaosha uzi, tukauning'iniza na vyupa vya maji ili unyooke. Ilichukua wiki. Wengine walininunia, na walikuwa na haki. Kisha kila mmoja akaanza zake mwenyewe, polepole, kwa mkia mrefu, na Shosho akiwa ameketi mlangoni bila kugusa sindano. Kazi yake sasa ni moja. Unampelekea ukingo, anaushika kwa vile vidole vyake vilivyokakamaa, anauvuta, anasema "Fumua" au anasema "Endelea". Mimi aliniambia "Fumua" mara tano. Mara ya sita hakusema kitu, akanirudishia tu. Nikachukulia hiyo ni "Endelea". Chekechea ile haikurudi kwetu. Tuliuza zile kofia barabarani, moja moja, hadi Agosti.

Mwezi uliopita alijiunga dada mmoja aliyemaliza shule mwaka jana. Siku ya kwanza tulimpa sindano tupu, akakasirika, akasema alikuja kufundishwa si kuhangaishwa. Nusura asirudi. Wiki ya tatu nikamwona anavuka mtaro kuja kwangu, sindano mkononi, donge la uzi kwapani. Nikajua anakuja kuniambia nimwekee mishono, nikajiandaa kukataa.

Hakusema nimwekee. Alisema, "Niko na marvin ya mtu mzima na kamfuko ka simu. Marvin naanza na mkia mrefu, hiyo najua. Hako kamfuko je, nianze na gani?"